Sampu Iliyooza Haingoji Mwisho wa Mwezi

Maelezo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wenye malori, madereva na mafundi wa Kiembeni, Kisauni. Tumeyachapisha kwa ajili ya waliokuwa barabarani siku hiyo.



Najua lori likisimama hapa ni tripu inayopotea, kwa hivyo nitaingia kwenye mada moja kwa moja. Mada ni sampu.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni habari, na mtu wa habari anachoweza kufanya ni kuuliza, kusoma kitabu cha injini, kuuliza tena, kisha kueleza kwa lugha ambayo kila mtu ataielewa. Mafundi mlio hapa mnayajua haya kwa mikono yenu. Nikiteleza, nirekebisheni. Ninaowalenga zaidi ni wawili: mwenye lori ambaye hajawahi kuingia chini ya lori lake, na dereva anayeona oili ikidondoka kila asubuhi na hajui amwambie nini tajiri wake.

Beseni la chini kabisa

Sampu ni lile beseni la bati lililofungwa chini kabisa ya injini. Oili yote hukaa humo. Pampu huivuta kupitia chujio la waya lililozama ndani ya beseni, ikaisukuma hadi kwenye beringi za shafti kubwa, ikapanda hadi kwenye vali, kisha ikadondoka tena chini. Safari hiyo hurudiwa muda wote injini inapozunguka. Oili inalainisha, inapoza, inabeba uchafu na kuupeleka kwenye filta, na inazuia chuma kusagana na chuma.

Malori ya aina ya Canter na Isuzu NKR, ambayo ndiyo mengi yanayobeba mchanga, mawe na maji hapa kwetu, huchukua karibu lita 10 za oili, zaidi au pungufu kidogo kulingana na injini. Ni nyingi, lakini zinakwisha. Hebu tupige hesabu. Matone 20 hivi hujaza mililita 1. Sampu inayodondosha tone moja kila sekunde inapoteza mililita 180 kwa saa. Dereva akifanya kazi saa 8, ameacha barabarani karibu lita moja na nusu. Siku tatu za namna hiyo bila kuongeza, karibu nusu ya oili imekwenda.

Na oili haihitaji kwisha yote ndipo injini iumie. Lori linapopanda mlima, tuseme lina shehena linakwea kwenda Mazeras, oili yote hukimbilia nyuma ya beseni. Kama imepungua, lile chujio linabaki hewani na pampu inavuta upepo. Taa nyekundu ya oili inawaka kidogo, inazima, inawaka tena. Dereva anadhani ni waya. Wakati huo beringi zinazunguka kavu. Zikikamata, shafti imeharibika, na huenda injini nzima imekwisha. Sampu ni beseni la bati. Injini ni shule ya watoto, ni kodi ya nyumba, ni mkopo wa chama uliobaki. Bei ya kitu cha kwanza ukiiweka kando ya bei ya kitu cha pili, utaona kwa nini tumewaita.

Kwa nini huoza huku kwetu

Bati la sampu ni jembamba, na ulinzi wake mkubwa ni rangi ya kiwandani. Ndani halioshi kutu kirahisi kwa sababu limelowa oili. Linaoza kutoka nje. Gurudumu hurusha kokoto, kokoto hubandua rangi, na chumvi hupata mlango wa kuingilia.

Kiembeni si ufukweni, lakini kusi na kaskazi havijui mpaka wa mtaa. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu hewani, kwa hivyo chuma kilichopata chumvi hakikauki sawasawa hata siku za jua. Ongeza joto la injini, ambalo huharakisha kutu, na umepata jibu.

Yako mambo matatu yanayoongeza kasi. La kwanza ni mzigo. Lori linalobeba mchanga wenye chumvi, samaki wa barafu, au chumvi yenyewe kutoka viwanda vya Gongoni na Marereni hudondokewa na maji ya chumvi chini kwa chini. La pili ni tope. Tope linalonata kwenye ukingo wa sampu, pale penye boliti, hukaa na unyevu wiki nzima. La tatu ni la kushangaza: kuosha gari. Visima vingi vya Pwani hutoa maji ya chumvichumvi. Tunayatumia kwa sababu ndiyo yaliyopo, na lori linang'aa kwa juu. Lakini kwa chini tumelinyunyizia kitu kilekile tulichotaka kukiondoa. Ukiosha kwa maji ya kisima, malizia chini ya gari kwa ndoo mbili za maji matamu, ya mfereji au ya mvua, kisha liache likauke kabla ya kulaza.

Na tusisahau magari yanayoshuka bandarini Kilindini yakiwa yametumika. Katika sehemu za theluji za Japani, na Uingereza pia, chumvi hunyunyizwa barabarani ili barafu iyeyuke. Gari linaweza kuwa na viti vizuri na rangi safi, lakini limekula chumvi hiyo majira mengi ya baridi. Kabla ya kulipa, lala chini na tochi. Muuzaji anayekukataza kuangalia chini ya gari amekwisha kujibu swali lako.

Kujua kama kweli ni sampu

Oili hudondoka mahali pa chini kabisa, lakini si lazima iwe imetoka hapo. Huenda imetoka kwenye kifuniko cha vali juu, kwenye filta, kwenye sili ya nyuma ya shafti, au kwenye boliti ya kumwagia, ikateremka hadi kwenye sampu. Watu wamebadilisha sampu nzima na tone likabaki palepale.

Njia ni rahisi. Osha sampu na sehemu ya chini ya injini kwa dizeli na brashi, ifute ikauke kabisa, kisha inyunyizie poda ya mtoto. Washa injini dakika 10 au 15, izime, uingie na tochi. Poda nyeupe itakuonyesha njia ya oili kama mchanga unavyoonyesha nyayo. Ukiona unyevu unaanzia katikati ya bati lenyewe, au kwenye ukingo uliovimba kutu, hiyo ni sampu. Ukiona unaanzia juu na kuteremka, mwite fundi atafute huko juu kwanza.

Onyo moja hapa. Wengine hupenda kugonga kutu kwa bisibisi ili waone imefika wapi. Usifanye hivyo kama huna sampu nyingine mkononi. Mara nyingi kilichokuwa kinazuia oili ni hiyo kutu yenyewe. Ukiigonga, tone linageuka mfereji, na lori halitoki hapo.

Kubandika au kubadilisha?

Tumelelewa na methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni ya kweli, lakini kwa sampu ina mtego. Ufa wa ukuta uko kwenye ukuta mzima. Tundu la kutu liko kwenye bati ambalo lote limekonda. Ukiziba hapa leo, linatoboka pale wiki ijayo.

Najua zipo mbinu za barabarani. Sabuni ya mche imewafikisha wengi nyumbani tangi la dizeli lilipovuja. Kwenye sampu haifai, kwa sababu oili ya injini iliyo kazini ni ya moto sana na sabuni hulainika ikatoka. Gundi ya chuma ile ya kuchanganya sehemu mbili inaweza kushika, endapo utamwaga oili kwanza, ukasugua hadi kwenye chuma safi, na ukaiacha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Ichukulieni kama tikiti ya kurudi nyumbani, na mwisho wake uwe mlangoni kwa fundi.

Kuchomelea je? Sampu ikiwa bado imefungwa kwenye lori, hapana kabisa. Mle ndani mna mvuke wa oili, na juu yake kuna mabomba ya dizeli na nyaya. Ikishafunguliwa, ikaoshwa na kukaushwa, fundi anaweza kuchomelea tundu lililosababishwa na jiwe kwenye bati lililo zima. Lakini bati lililoliwa na kutu halishiki moto. Linayeyuka pembeni na tundu linakuwa kubwa zaidi, tena vichembe vya chuma vinaangukia ndani. Bati likiwa limekonda, jibu ni kubadilisha.

Kununua sampu

Nenda dukani na namba ya injini, ile iliyochapwa kwenye chuma cha injini yenyewe. Jina la lori halitoshi, kwa sababu lori la jina moja limewahi kutoka na injini tofauti. Ukiweza, beba na ile kuukuu. Linganisha mambo manne: idadi na nafasi za matundu ya boliti, kina cha beseni, mahali pa boliti ya kumwagia, na umbo la pale chujio linapokaa. Kina kikitofautiana, kijiti cha kupimia oili kitaanza kusema uongo. Kitaonyesha imejaa wakati imepungua.

Kama unanunua iliyotumika, ijaribu kabla ya kuifunga. Iweke juu ya gazeti kavu, hata hili letu la kaunti litafaa, uijaze mafuta ya taa, uiache usiku kucha mbali na moto na watoto. Mafuta ya taa ni mepesi kuliko oili na hupita hata penye tundu la sindano. Asubuhi gazeti likiwa na doa, rudisha. Kisha lalisha ukingo wake juu ya kioo kinene au bati lililonyooka, uone kama unakaa sawasawa. Ukingo uliopinda hautazuia oili hata ukipaka silikoni ya bomba zima.

Kazi yenyewe

Kabla ya spana, usalama. Lori lisimame mahali palipo sawa, breki ya mkono imevutwa, kabari mbele na nyuma ya magurudumu. Toa waya wa hasi wa betri. Ufunguo akae nao mtu yule anayeingia chini, mfukoni mwake, si kwenye dashibodi. Kabini ikinyanyuliwa, hakikisheni kishikio chake kimefunga. Malori mengi yako juu vya kutosha, mtu akitandika gunia anaingia bila kuliinua. Ikibidi kuliinua, jeki ni ya kuinulia tu. Lori likae juu ya stendi za chuma zilizowekwa chini ya fremu. Na nawaomba kwa dhati: msitumie mawe ya matumbawe tunayojengea nyumba. Yana matundu ndani, na hupasuka bila kukohoa. Hakuna tripu inayolingana na mtu.

Pasha injini moto kidogo, dakika chache tu, ili oili ilegee, kisha izime. Imwage kwenye beseni lililo safi na uipime. Ukijua ni lita ngapi zilizotoka, utajua lori lilikuwa likitembea na nini.

Safisha ukingo wote wa sampu kabla ya kuifungua, maana mchanga ulioko nje ndio utakaoangukia ndani. Boliti zilizoshika kutu zipulizie mafuta ya kulegezea tangu jana yake. Boliti inayokataa usiivunje kwa hasira. Ikaze kidogo, ilegeze, ikaze tena, hadi kutu iachie. Legeza zote kwa zamu, ukiacha mbili za mbele na mbili za nyuma hadi mwisho, sampu isije ikakuangukia usoni na oili iliyobaki.

Mara nyingi itakuwa imeshikwa na silikoni ya zamani. Pitisha kisu chembamba cha kukwangulia ukizunguka, na uigonge ubavuni kwa nyundo ya mpira. Usichomeke bisibisi nene na kukwanyua, kwa sababu utachimba uso wa injini, na mfereji huo utavuja milele. Kwa pikapu za magurudumu manne kuvuta, difu ya mbele huwa inaziba njia, na wakati mwingine lazima injini iinuliwe kidogo. Hiyo ni kazi ya gereji yenye vifaa. Isianzwe chini ya mwembe.

Sampu ikishatoka, usikimbilie kufunga mpya. Hii ni nafasi ambayo hupatikana mara chache, ya kuona tumbo la injini. Angalia kilichobaki chini ya beseni. Tope jeusi ni dalili ya oili iliyocheleweshwa kubadilishwa. Vipande vya silikoni ni dalili ya fundi aliyepaka nyingi kupita kiasi, na vipande hivyo huziba chujio. Chembe zinazong'aa kama mapambo ya sikukuu ni habari mbaya: beringi zinakwisha, na mwenye lori aambiwe leo, kabla hajatumia pesa kufunga. Osha chujio na uone bomba lake halina ufa.

Kisha uso wa injini. Ukwangue gasketi ya zamani yote, ufute kwa kitambaa kisafi chenye petroli kidogo, mbali na moto na sigara, uache ukauke. Silikoni haishiki juu ya oili, hata tone moja.

Kama injini yako ina gasketi, itumie. Kama ni ya silikoni, paka uzi mmoja usiokatika, mnene kama milimita 3, ukipita upande wa ndani wa matundu ya boliti. Ongeza kidogo pale kifuniko cha mbele cha injini kinapokutana na injini, na pale nyuma penye sili, kwa sababu hizo ndizo pembe zinazovuja. Usiongeze kwingine. Pandisha sampu kwa unyoofu, watu wawili ni bora, ushike boliti zote kwa vidole kwanza.

Kukaza ndipo wengi huharibu. Anza katikati, nenda kulia, rudi kushoto, ukitoka nje taratibu. Raundi ya kwanza kwa wepesi, ya pili kwa kiasi. Kitabu cha injini kinataja nguvu ya kila boliti, na kama gereji ina spana ya kupimia, itumike. Boliti za sampu ni ndogo. Spana ndefu na mkono wenye nguvu vitakunja ukingo wa bati, na ukingo uliokunjwa huvuja palipo katikati ya boliti mbili. Boliti ya kumwagia ipewe washa mpya. Halafu subiri. Bomba la silikoni limeandikwa muda wa kukauka, na mengi husema saa 24. Lori likitoka jioni hiyohiyo, kazi yote imekuwa ya bure.

Weka filta mpya. Jaza oili ya dizeli ya daraja linalotakiwa na kitabu, ambayo kwa injini nyingi za zamani hapa kwetu huwa 15W-40. Injini zenye waya wa kuzimia, uvute waya huo na uzungushe stata sekunde chache bila injini kuwaka, ili oili ipande. Kisha washa. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima injini papo hapo. Ikizima, iache inguruме taratibu dakika 5, ingia na tochi, angalia ukingo wote. Zima, subiri oili iteremke, pima kwa kijiti. Rudia ukaguzi baada ya siku ya kwanza ya kazi.

Sampu mpya ipakwe rangi ya kuzuia kutu na rangi ya juu kabla ya kufungwa, siyo kwenye uso wa gasketi. Usipake lami wala rangi juu ya kutu, kwa maana unaifunika ili ile kwa siri. Na ule mtindo wa kupuliza oili chafu chini ya lori kama kinga, tuuache. Inaharibu mipira, inashika vumbi, na kila mvua inaishusha ardhini.

Oili chafu inaenda wapi?

Hapa ndipo serikali ya kaunti inapoingia kwa miguu miwili. Pwani yetu imekaa juu ya matumbawe na mchanga. Ukimwaga kitu juu, hakikai juu. Kinateremka, na chini kuna kisima, chako au cha jirani. Shirika la Marekani la kulinda mazingira, EPA, limekuwa likieleza kwamba oili ya badilisho moja la gari yaweza kuharibu galoni milioni 1 za maji safi, yaani karibu lita milioni 3.8. Lori hubeba oili nyingi kuliko gari dogo. Na kisicholowa ardhini huingia mtaroni, kikaishia kwenye mkondo wa Tudor au wa Mtwapa, penye mikoko na mazalio ya samaki. Wazee wanakumbuka mwaka 2005, meli ya Ratna Shalini ilipomwaga mafuta Kilindini na mikoko ya Port Reitz ikafa. Ile ilikuwa meli moja. Sisi tuna magereji mengi, na kila moja lina beseni.

Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. NEMA inaihesabu oili chafu kuwa taka hatari, na anayeikusanya na kuisafirisha lazima awe na leseni. Kwa hivyo: iweke kwenye mtungi wenye kifuniko, uandike juu yake, usiichanganye na maji, petroli wala maji ya rejeta, kwa kuwa ikichanganywa haiwezi kutumika tena. Mpe mkusanyaji aliye na leseni, na umwambie akuonyeshe. Filta itoboe, iinamishe ichuruzike usiku kucha. Iliyomwagika chini, inyunyizie vumbi la mbao, uzoe, usiisukume kwa maji na sabuni. Sampu kuukuu ikaushwe kabla ya kumpa mnunuzi wa vyuma chakavu, naye awe na leseni. Vijana, vaeni glovu. Oili iliyotumika si dawa ya kidonda wala ya ngozi, na mikono isinawishwe kwa petroli.

Dereva na tajiri

Namalizia na jambo ambalo halimo kwenye kitabu cha injini. Lori likikamata, wa kwanza kulaumiwa ni dereva. Tajiri anasema, "Ulikuwa hupimi oili." Dereva anasema, "Nilikwambia." Hakuna mwenye ushahidi, na mtu anafukuzwa kazi.

Dereva, nunua daftari. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, pima oili, andika tarehe, kilomita, na kiasi ulichoongeza. Ukiona tone, piga picha kwa simu, mtumie tajiri siku hiyohiyo. Maneno yaliyoandikwa hayana hasira. Na wewe tajiri, ukipokea picha hiyo, jibu la "ongeza oili tu tufike mwisho wa mwezi" ni uamuzi, na uamuzi huo ni wako. Lita unazoongeza kila siku, zijumlishe mwezi mzima, uzilinganishe na bei ya sampu. Mara nyingi utakuta umekwisha kuinunua na bado hunayo.

Najua kuna anayetaka kuniuliza: na malori ya serikali je? Swali ni la haki. Lori la taka linaloelekea Mwakirunge ni mali yenu, na likidondosha oili linaidondosha kwenye barabara yenu. Kanuni ni ileile, na tikiti ya kazi ya gari la umma ndiyo daftari lake. Mkiliona linavuja, andikeni namba, mahali na saa, mpeleke kwa msimamizi wa wadi. Hakuna ubaya kutukosoa kwa jambo ambalo tumesimama hapa kuwahimiza nyinyi mlifanye.

Leo jioni, kabla ya kulaza lori, wekeni kipande cha boksi chini ya injini. Asubuhi mkiangalie. Kikiwa kikavu, mshukuru Mungu. Kikiwa na doa, mmeshapata habari mapema, na habari ya mapema ndiyo ya bei nafuu.

Sasa nyamaza yangu ni fursa yenu. Nimeuona mkono wa fundi pale nyuma, karibu na pikipiki. Karibu, fundi, tuambie nilipokosea.